Usitoe Mji Upesi

Medali ya tatu na timu ya Gusii (7).

Kidokezo hicho nilimwekea kijana mmoja wa bodaboda tukiwa tumejibanza katika hoteli moja ya Keroka, mvua ya alasiri ikipiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Alihesabu visanduku saba kwa ncha ya kidole, akalitazama neno "timu", akacheka.

"Shabana, Mwalimu. Hiyo hata mtoto anajua."

"Umejuaje?"

"Kwani Gusii ina timu gani nyingine ya kutajwa?"

Nikamwambia jibu amelipata lakini kidokezo bado hajakifungua. Medali ya tatu inafanya nini pale? Akakaa nalo. Chai yake ikaanza kufanya utando juu. Baadaye akasema polepole, "Medali ya tatu ni shaba." Akanyamaza tena, macho kwenye karatasi. Kisha akapiga meza. "Shaba, na. Shaba-na! Mwalimu, hiyo 'na' imeandikwa pale wazi kabisa!"

Mwongozo huu ni kwa ajili ya pigo hilo la meza. Kubahatisha jibu ni rahisi, hasa kwa mtu anayeijua nchi yake. Nataka ujifunze kukifungua kidokezo chote, neno kwa neno, hadi uweze kumweleza mwenzako naye akubali.

Chemshabongo ya kawaida ya gazetini tunaijua. Kidokezo chake ni maana ya neno, basi: "Mnyama mwenye mkonga (5)", unaandika tembo, unaendelea. Chemshabongo ya mafumbo ni jamii nyingine. Kila kidokezo chake kina sehemu mbili zinazofika kwenye jibu moja kwa njia mbili. Sehemu moja ni maana ya neno, kama ilivyo kwenye ile ya kawaida. Sehemu ya pili kwa kawaida ni ufundi wa herufi: neno limekatwa, limeungwa, limefichwa, limegeuzwa au limekorogwa. Mtegaji huzishona sehemu hizo mbili hadi zisikike kama sentensi moja inayozungumzia mambo mengine kabisa, na wewe kazi yako ni kuutafuta mshono. Katika kidokezo cha Shabana mshono uko mara tu baada ya "na". Upande wa kushoto ni herufi, upande wa kulia ni maana.

Umbo la mchezo lilitoka mbali. Arthur Wynne alichapisha jedwali la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Mafumbo yaliingizwa Uingereza: Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kuyatunga katika gazeti la Observer mwaka 1926, na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, akatoa kitabu mwaka 1966 cha kufafanua haki kati ya mtegaji na mteguaji. Sharti lake kuu ni kwamba kidokezo kiwe na maana sahihi na ufundi halali wa herufi, pasiwe na neno la kujazia nafasi.

Lakini roho ya mchezo huu tulikuwa nayo. Muyaka bin Haji alifumba watu wa Mombasa kwa mashairi tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Na mtoto yeyote wa Nyamira aliyekaa jikoni jioni akisubiri ugali anajua utaratibu wenyewe. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, mtegaji anakuambia, "Nipe mji." Unampa Kisii, au ukiwa mkarimu unampa Nairobi, anajitapa kidogo kwamba ameufikia na kuushangilia, halafu ndipo anatoa jibu. Tulikokulia sisi hatukuridhika na jibu tupu. Mtegaji alipaswa kueleza kwa nini jibu ni hilo, na akishindwa kueleza tulidai mji wetu urudishwe. Sheria hiyo ya jikoni ndiyo ninayoitumia mpaka leo.

Sasa chukua penseli. Kalamu ya wino iache, kwa sababu nitakayoisimulia hapo mbele.

Anza pembeni mwa kidokezo. Maana ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo kidokezo kikiwa na maneno sita, jaribu neno la kwanza, au mawili ya kwanza, uone kama yanaweza kuwa maana. Kisha jaribu ya mwisho. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi, na kila herufi ina kisanduku chake: ch, sh, ny na dh hukaa katika visanduku viwili, na ile ritifaa ya ng' haiandikwi.

Kabla hujawaza lolote, lugha yenyewe imekupa zawadi. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho ni a, e, i, o au u. Maana ikiwa ni ya watu wengi, kuna uwezekano mkubwa neno linaanza kwa wa-. Ikiwa ni vitu vya ngeli ya KI-VI kwa wingi, andika vi- kwa wepesi pale mwanzoni. Ikiwa maana ni tendo katika wakati uliopita, tafuta -li-. Mtu anayetegua kwa Kiingereza hana msaada mkubwa kiasi hiki, na ni makosa kuuacha.

Njia nyepesi zaidi ya kufumba ni kuficha jibu ndani ya maneno mengine yaliyo mbele ya macho yako. "Rafiki, siishi, ndani mna mji (5)." Maana ni "mji", na "ndani mna" linakuambia utazame ndani ya maneno mawili ya kwanza: rafiKI SIIshi. Umeona? Kisii imevuka koma na nafasi, ikakaa kimya. Alama za uandishi katika kidokezo hazina uaminifu wowote. Zifute kichwani mwako.

Kidokezo ninachokipenda kuliko vyote katika aina hii ni hiki: "Mji ulio ndani ya kero kali (6)." Maneno ni machache na kila moja lina kazi. KERO KAli. Keroka. Na msomaji wa hapa atasikia la ziada, kwa sababu mji huo umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 wafanyabiashara wake wameishi na mvutano wa nani akusanye ushuru upande upi wa barabara. Mtegaji hakuhitaji kubuni lolote. Jina lenyewe lilikuwa limebeba kero.

Njia ya pili ni kuunga. Shabana ni mfano. Mwingine: "Wa kike na dada wa kale kwenye barabara ya Keroka (6)." Wa kike ni "ke". Dada wa kale ni "umbu", neno la zamani la Kiswahili la dada, ambalo wengi tumelikuta kwenye kamusi tu. Ndiyo maana mtegaji mwaminifu akaongeza "wa kale" kukuonya kwamba neno halitumiki tena mitaani. KE na UMBU ni Keumbu, ambapo ukitoka Kisii kwenda Keroka unapita. Lakini angalia: katika kidokezo hiki "na" ni gundi tu, inaunganisha vipande viwili, wala herufi zake haziingii kwenye jibu. Katika Shabana "na" ilikuwa kipande chenyewe. Hakuna kanuni ya kukuambia mapema ni ipi. Unachoweza kufanya ni kujaribu zote mbili na kuhesabu visanduku.

Vipande vinavyoungwa mara nyingi ni vifupi, na baada ya muda utavizoea kama unavyozoea nauli. "Nusu bubu" ni BU. "Mwanzo wa yote" ni Y. "Sifuri" au "yai" ni O kwa umbo lake. Moja ni I kwa tarakimu za Kirumi, hamsini ni L, mia ni C. "Iliyo njema zaidi, nusu bubu, huko Nyamira (6)" hakitakusumbua tena: BORA na BU, Borabu.

Kukoroga herufi ndiko kunakowatisha wanaoanza, na si haki, kwa maana mtegaji analazimika kukupa herufi zote mkononi. Anachokificha ni agizo la kukoroga. Maagizo hayo ni maneno yoyote yanayobeba fujo: kuvurugwa, kucharuka, kutimka, kulewa, kupepetwa. "Mbogo mwenye ncha ya pembe acharuka mjini (6)." Unamwona mnyama akitimua watu sokoni, na hapo ndipo mtegaji anapotaka macho yako yabaki. Yaondoe huko. Mbogo ni herufi tano: M, B, O, G, O. Ncha ya pembe ni herufi ya mwisho ya neno "pembe", yaani E. Jumla sita. "Acharuka" ndilo agizo, na "mjini" ndiyo maana. Ziandike kwa duara, wala si kwa mstari, kwa sababu mstari huendelea kukusomea "mbogo" hata ukikataa. Ukiziona kwenye duara utakumbuka kwamba m na b hupenda kukaa pamoja, na hapo Ogembo inajitokeza. Mtu anaweza kuuliza kama "mjini" ni maana halali ya jina la mji. Ni halali. Ukisema "amefika mjini" unaweza kusema "amefika Ogembo" bila kuongeza kitu, kwa sababu majina ya mahali hayahitaji -ni.

Kingine cha kukoroga: "Kaunti ya 46: ramani, mwanzo wa yote, imevurugwa (7)." RAMANI na Y. Nakuachia duara ulichore mwenyewe, ingawa namba ya kaunti imeshakwambia.

Kukata ni kutamu zaidi. Neno linaweza kukatwa kichwa, mkia au moyo. "Matokeo yasiyo na sifuri mwishoni ni chakula (6)" ni sentensi ambayo mzazi yeyote wa mtahiniwa angeikubali bila kujua kwamba ni fumbo. Ondoa O ya mwisho kwenye MATOKEO, umebaki na MATOKE. Na kwa mkulima wa Kebirigo au Nyansiongo ninacho hiki: "Chai iliyochumwa kichwa, yenye uhai (3)." Ukiondoa C, chai inakuwa HAI. Hapa ufundi wa herufi na ukweli wa shambani vimekutana mahali pamoja, maana mchai huchumwa kila baada ya siku kadhaa kwenye ncha zake, majani mawili na chipukizi, na unaendelea kuishi kwa miongo mingi. Kidokezo cha namna hii hakitungwi kila siku. Ukikikuta, kisome mara mbili kabla hujajaza visanduku.

Kufunika ni pale neno moja linapowekwa tumboni mwa jingine. "Ha! Ndani ya kawa mna kinywaji (6)." Kawa ni kile kifuniko cha chakula kinachosukwa pwani kwa ukindu. Weka HA ndani ya KAWA: KA-HA-WA. Kahawa, ambayo Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambapo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuipanda, katika miaka ya 1930.

Kuhusu kugeuza, Kiswahili kina utajiri wa pekee. Pwani walikuwa na mchezo wa kusema kinyume, ambapo silabi za neno hubadilishana nafasi ili mgeni asiambulie kitu. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, kwa hiyo zinageuka bila kuvunjika. "Lima kinyume, upate utajiri (4)": LI-MA, MA-LI. Jaribu hilo kwa herufi moja moja utapata "amil", ambayo haina maana. Kwa hiyo ninapotega mimi, "kinyume" ni kugeuza silabi, na "kurudi" ni kugeuza herufi moja moja kutoka mwisho hadi mwanzo. Si kila mtegaji hufanya hivyo. Jaribu zote mbili.

Na hapa ndipo pa kusimulia kwa nini nimekuambia penseli. Kidokezo kilikuwa "Utulivu ukirudi, shusha kichwa (5)". Niliona utulivu, nikaona herufi tano, nikaandika AMANI kwa wino na kuendelea. Herufi ya katikati ilipitiwa na neno jingine na ikakubaliana vizuri, ikanipa moyo. Jumapili nzima pembe ile ya jedwali ilikataa kujaa. Neno lililoshuka kutoka kisanduku cha mwisho halikutaka kuanza kwa I, nikalilaumu. Nililaumu kamusi. Usiku ndipo niliposoma tena kidokezo kwa sauti, nikasikia ule u- mdogo: *u*kirudi. Kinachorudi ni utulivu. Yaani chukua neno la utulivu, AMANI, ligeuze, upate INAMA, ambalo maana yake ni kushusha kichwa. AMANI na INAMA zina A ileile katikati, ndiyo maana sikushtuka.

Katika vidokezo vya Kiingereza, neno la kugeuza likikaa katikati ya pande mbili, mteguaji mara nyingi hawezi kujua ni upande upi unaogeuzwa mpaka apate herufi za kupitana na maneno mengine. Kwetu upatanisho wa kisarufi unasema. Kama mtegaji angetaka jibu liwe AMANI, angetafuta namna ya kuandika isiyoifunga "kurudi" kwenye ngeli ya utulivu. Kiambishi ni shahidi wako. Kila kitenzi ndani ya kidokezo kina mtendaji, na ukimpata mtendaji umepata nusu ya ufundi.

Hili linambana mtegaji vilevile, na lazima ulijue ili umshike akikuonea. Chukua neno nyanya. Kwetu ni bibi mzaa baba au mama, na ni tunda la kwenye sufuria. Vidokezo vya maana mbili hutungwa kwa maneno kama haya: maana moja, kisha nyingine, bila ufundi wa herufi. Mtu akiandika "Mama wa baba anauzwa Daraja Mbili (6)", tutacheka kwa kulijua soko hilo, jibu tutalipata, lakini kidokezo kina kasoro. Tunda haliuzwi kwa a-. Nyanya inauzwa, au zinauzwa. Kiambishi kimefuata mama wa baba na kuiacha maana ya pili bila sarufi. Kilicho sawa ni "Mama wa baba, bidhaa ya Daraja Mbili (6)". Ladha imepungua kidogo, haki imetimia. Kati ya viwili hivyo mimi huchagua haki, kwa sababu mteguaji anayedanganywa na sarufi mara moja hataiamini tena, na sarufi ndiyo taa pekee aliyo nayo.

Maana mbili ni shamba lenye rutuba kuliko yote katika lugha yetu. Kaa, paa, meza, panda, kata, ua: kila moja limebeba mizigo miwili, mitatu au hata minne. Ukiona kidokezo kifupi sana, cha maneno mawili au matatu, shuku maana mbili kwanza. Na majina ya nchi hii yetu yanashangaza. "Kwao wachonga mawe ni daraja katika jamii (6)": Tabaka, ambako jiwe laini la Kisii huchimbwa, huchongwa likiwa na unyevu na kusuguliwa kwa msasa ndani ya maji hadi ling'ae, na tabaka la watu. "Uarabuni juu ya mlima wa Nyamira (5)": Manga. Watu wamepita chini ya mwinuko ule miaka yote bila kujua kwamba pwani Manga ni jina la zamani la Uarabuni, na ndilo lililomo katika pilipili manga.

Kisha kuna vidokezo ambamo Kigusii na Kiswahili vinagongana mlangoni. "Mama huku Gusii, mume wake kule pwani (4)." Mgeni hatakitegua kamwe. Mwenyeji anajua kwamba kwa Kigusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Jibu ni BABA pande zote mbili. Kidokezo hiki nimekiona kikizua kicheko na pia ubishi mrefu, mzee mmoja akidai si haki kutumia lugha mbili bila kutangaza. Imetangazwa, Mzee wangu: "huku Gusii". Neno hilo likiwepo, mtegaji amelipa deni lake.

Kuhusu vidokezo vya kusikia nitasema kidogo tu. Kiingereza kimejaa maneno yanayoandikwa tofauti na kusomwa sawa, na watunzi wake wanaishi humo. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mlango huo umefungwa, isipokuwa kwa lafudhi. Kigusii hakina L. Wazee wetu huweka R pasipo kujua. "Kula kwa ulimi wa Kigusii, ya kutumbukiza sandukuni (4)" ni KURA. Kidokezo hicho nakitumia nikiwa na watu wa nyumbani tu. Mbele ya wageni lafudhi ya bibi yangu si kitu cha kuchezea.

Sasa kueleza. Tafuta daftari dogo, na kila kidokezo ulichokitegua kiandikie maelezo kabla ya kwenda kwa kingine. Maelezo mazuri yanajibu maswali mawili: maana ni maneno yapi, na kila neno lililobaki linafanya nini. Hivi ndivyo ukurasa wangu mmoja ulivyo, bila kupambwa: "OGEMBO. Maana: mjini. Herufi: mbogo + e (ncha, yaani mwisho, wa pembe). Agizo: acharuka. 'Mwenye' yaunga mbogo na e. Hakuna neno lililobaki." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta. Neno likibaki bila kazi, moja kati ya mambo mawili limetokea: jibu langu si sahihi, au mtegaji amejazia. Mara nyingi ni la kwanza.

Unapomweleza mtu mwingine, usianze na jibu. Huu ndio ushauri ninaoushikilia zaidi, na nimejifunza kwa kukaa na vijana wengi juu ya karatasi moja. Ukisema "ni Keumbu, kwa sababu…", masikio yake yamefungwa tayari. Amepewa samaki, hataki habari za ndoano. Anza na mshono. Mwambie, "Kata hapa." Kisha muulize upande upi una harufu ya maana. Mwache aseme "kwenye barabara ya Keroka". Mwache ahesabu. Akikwama kwenye "dada wa kale", mpe kamusi badala ya neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha. Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 ina maneno mengi zaidi. Kufungua kamusi si kuiba. Kuchungulia majibu ya toleo linalofuata ndiko kuiba, na anayeibiwa ni wewe.

Na ukimweleza mtu mzima aliyekuzidi umri, mwachie neno la mwisho alitamke yeye. "Mzee, hapo ukiunga shaba na hiyo 'na' unapata nini?" Atakupa jibu kwa sauti ya mtu aliyelijua tangu asubuhi, na kesho yake atakuja na gazeti lake kukutafuta.

Wakati mwingine utashindwa. Acha kidokezo usiku mmoja, nenda ukachume chai, rudi. Macho yaliyolala husoma upya, na kichwa kilichoacha kumwona mbogo kinaanza kuziona herufi. Ukirudi mara tatu bila kitu, tafuta mwenzako mwenye herufi za kupitana tofauti na zako, mkae hotelini mvua ikinyesha, kila mmoja aseme anachokiona katika neno moja moja.

Nakuachia kimoja ambacho sitakieleza: "Ipo pamoja na mdudu mwenye sumu mkiani, upande wa Nyamira (6)."

Kikikushinda kabisa, nipe mji, nami nitakulipa maelezo ya kila neno, hata lile "pamoja na". Angalia tu mji utakaonipa usije ukawa ndio jibu.